Ukungu wa Kilimia

Jicho la mtu lina huruma ambayo kamera haina. Likitazama mbingu usiku wa manane huyaacha yasiyolipasa, likachagua nyota, na kumpa mwenyewe weusi safi uliopambwa kwa nuru. Kamera haichagui. Huandika kila kilichoifikia, na pamoja nacho huandika hata yale iliyojizulia yenyewe. Ndiyo sababu mtu apigaye picha ya mbingu kwa mara ya kwanza, kwa kamera ya bei nafuu, hufadhaika aonapo kwamba weusi ule umegeuka kuwa uji wa kijivu uliotapakaa vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu. Vitone hivyo mimi huviita chenga, kwa mfano wa chenga za mchele, na wote waliopata kutazama televisheni za zamani siku ambazo mawimbi yalikuwa hafifu wanazijua vema.

Kamera yangu ni ya digitali, ya aina yenye kioo ndani yake na lenzi ya kuvuliwa. Niliinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia miaka mingi. Kihisi chake, yaani kile kibamba kidogo kipokeacho nuru, kina pikseli milioni 12, ambazo msomaji aweza kuzifikiri kama visima vidogo mno vilivyopangwa safu kwa safu. Rafiki yangu mmoja, mtu mwema mwenye mapenzi makubwa ya vitu vipya, alipoziona chenga katika picha zangu alinishauri niuze mtamba wangu ninunue kamera kubwa. Mtamba yule yupo hata leo, na sasa anakamuliwa. Sikuukataa ushauri kwa ubahili. Niliukataa kwa kuwa sehemu kubwa ya chenga zile haikutoka katika kamera hata kidogo. Ilitoka katika nuru yenyewe, na lau ningalinunua kamera kwa bei ya shamba, zingalinifuata huko huko.

Jambo hili lataka maelezo, maana wengi hawalisadiki. Nuru haimiminiki kama maji ya bomba. Hunyesha kama mvua, chembe baada ya chembe. Weka sufuria mbili zilizo sawa uani wakati wa manyunyu, uhesabu matone yaangukayo ndani ya kila moja kwa dakika moja. Hesabu hazitalingana, ingawa wingu ni moja na sufuria ni pacha. Wastani ukiwa matone 100, tofauti ya kawaida itakuwa kama 10, juu au chini, nayo ni sehemu ya kumi ya yote. Wastani ukiwa matone 10,000, tofauti itakuwa kama 100, ambayo ni sehemu moja tu ya mia. Tofauti hukua kwa kipeuo cha pili cha hesabu, lakini hesabu yenyewe hukua kwa ukamilifu wake. Mfaransa Siméon Denis Poisson alichapisha hesabu za matukio ya namna hii mwaka 1837, kabla mtu yeyote hajaota kamera kama zetu. Basi visima viwili vilivyo jirani katika kihisi, vinavyotazama kipande kimoja cha mbingu, hupata chembe zisizolingana, na kule kutolingana ndiko chenga. Mchana chembe ni nyingi mno hata tofauti haionekani. Usiku ni chache, na tofauti hutawala picha nzima.

Wapiga picha wengi huitupia lawama namba ya ISO. Huo ni uonevu. ISO haizai nuru wala haiipunguzi. Hukikuza kile kilichokwisha patikana, kama kipaza sauti kikuzavyo sauti ya msemaji pamoja na kikohozi chake. Tena katika kamera nyingi za zamani, ISO 800 au 1600 hufaa kwa nyota kuliko ISO 200, kwa kuwa huiinua nuru dhaifu juu ya mvumo wa mitambo ya kamera yenyewe. Ukizidisha hapo hupati faida, ila nyota zenye mwanga mkali zitapoteza rangi zao.

Ziko chenga nyingine ambazo kwa kweli ni za kamera, nazo huzaliwa na joto. Kihisi kikipata joto hutoa elektroni zake chenyewe bila kuguswa na nuru, na kila joto lipandapo kwa digrii 6 hivi za Selsiasi, elektroni hizo huongezeka maradufu. Nilipata kupiga picha karibu na Ziwa Magadi, chini kabisa bondeni, na kipimajoto changu kilisoma digrii 27 saa nne za usiku. Shule ninayofundisha iko katika uwanda wa Laikipia, na huko saa kama ile, mwezi wa Januari, kilisoma 12. Tofauti ya digrii 15 ni kupunguza chenga zile za joto zaidi ya mara tano. Wenye uwezo hununua kamera zenye vipoza joto vya umeme. Sisi twapoozewa na mlima, bila malipo, ila tuje na makoti.

Sasa nifike kwenye Kilimia. Kundi hili la nyota lilipewa jina lake na watu waliolima kwa kulitazama, na hata wanafunzi wangu wasiojua jina la nyota nyingine yoyote hukijua hicho. Chama chetu cha sayansi kilikusudia kutundika picha yake ukumbini siku ya wazazi. Katika mojawapo ya picha za kwanza ulionekana weupe hafifu kuzizunguka nyota zake, kama pumzi juu ya kioo. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, ukungu huu uko mbinguni, au ni chenga tu?"

Kabla sijajibu, mvulana mmoja alikuwa amekwisha ipitisha picha ile katika programu ya simu ifutayo chenga. Ilitoka laini kama hariri. Wenzake walimshangilia. Lakini tulipoziweka picha mbili pamoja tuliona kwamba nyota ndogo nyingi zimefutika pamoja na chenga, na ukungu umetandazwa hata mahali ambapo haukuwapo. Programu ile haikujua nyota ni nini. Ilijua laini na mkwaruzo tu. "Lakini, Mwalimu, inapendeza," alisema mvulana, na kupendeza ilipendeza. Chama kiligawanyika. Wengine walitaka itundikwe vivyo hivyo, kwa hoja kwamba wazazi hawatatambua. Msichana yule alisema kwamba chini yake yataandikwa maneno "Kilimia, kama tulivyokiona", na yeye hataandika maneno hayo chini ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Swali lake lilikuwa limepata kuwashughulisha wakubwa. Mwaka 1859 Mjerumani Wilhelm Tempel, akiwa Venice, aliona kwa darubini ndogo ukungu karibu na Merope, nyota mojawapo ya Kilimia. Wengine walioutafuta hawakuuona, wakatia shaka. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walipiga picha iliyoonyesha ukungu karibu na Maia, nyota nyingine ya kundi hilo hilo. Leo twajua kwamba ni vumbi lirudishalo nuru ya nyota zile, mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru 440. Walakini kuwapo kwa ukungu vitabuni hakuthibitishi kwamba umo katika picha yetu. Hilo ilitupasa kulitafuta sisi wenyewe.

Njia yenyewe ni ya kurudia. Tuliiweka kamera juu ya mguu wa pembe tatu uwanjani, baada ya taa za mabweni kuzimwa, na askari wa zamu akatuahidi kutomulika tochi, ahadi aliyoitimiza kwa nusu. Mbingu huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo kamera iliyosimama haiwezi kufungua jicho kwa muda mrefu bila nyota kuwa mistari. Kwa lenzi yetu ya milimita 50 tulichagua sekunde 5, tukapiga picha 400, zote za faili ghafi, yaani zisizoguswa na hila za kamera. Jumla ni zaidi kidogo ya dakika 33 za nuru. Kisha kompyuta, kwa programu ya bure iitwayo Siril, ilizilinganisha nyota kwa nyota na kuzijumlisha. Nuru ya nyota iliongezeka mara 400. Chenga, kwa kuwa safari hii huzidi na safari ile hupungua, ziliongezeka mara 20 tu. Basi picha ilikuwa safi mara 20 kuliko moja pekee. Kijana mmoja alifurahi akataka tuisafishe maradufu tena, akakokotoa, akakuta kwamba itatubidi tuwe na picha 1,600. Alirudi kukaa.

Lakini si kila hitilafu hujifuta kwa kurudiwa. Vimo katika kihisi visima vibovu vinavyong'aa vyekundu au buluu kila mara, na mtu arudiapo bila kusogea huvithibitisha badala ya kuviondoa. Dawa zake ni mbili. Kwanza, tulifunika lenzi tukapiga picha 30 za giza tupu, kwa sekunde zile zile na baridi ile ile, ili kompyuta ijue kamera hujizulia nini na kuyatoa. (Wanafunzi walicheka sana kupiga picha ya kifuniko.) Pili, kila baada ya picha 40 tuliilenga kamera upya, na kwa makusudi hatukuilenga pale pale: mara juu kidogo, mara kushoto. Nyota zikilinganishwa, kisima kibovu hujikuta kila safari mahali pengine, na programu huwa na mashahidi wengi wa kukikana. Ndege na satelaiti zipitazo hukanwa hivyo hivyo. Darubini ya Hubble yenyewe ilifanya hivyo Desemba 1995: ilitazama kipande kimoja kidogo cha mbingu kwa siku 10, ikapiga picha 342 huku ikisogezwa kidogo kidogo, na katika jumla yake zikaonekana galaksi kama 3,000.

Tulipata picha, na ukungu ulikuwamo. Msichana hakuridhika. Alitaka picha 400 zigawanywe, za namba shufwa peke yake na za namba witiri peke yake, zijumlishwe mbali mbali. Ukungu karibu na Merope ulitokea katika zote mbili, umbo moja. Doa jingine, upande wa chini, lilitokea katika moja tu, tukaliacha. Mvulana wa programu ya simu, ambaye sasa alikuwa ameshikwa na jambo lenyewe, aliuliza kama si umande juu ya lenzi, kwa kuwa umande huzungushia nyota weupe. Hoja ilikuwa nzuri. Lakini katika picha ile ile ilikuwamo Aldebaran, nyota ambayo jina lake kwa Kiarabu ni "anayefuata", kwa sababu hukifuata Kilimia angani. Ni angavu kuliko Merope mara nyingi, na kama ni umande ungaliivika yeye kwanza. Aldebaran ilikuwa safi.

Usiku wa pili tuliigeuza kamera, upande wa kulia ukawa juu, tukarudia yote. Wekundu hafifu uliokuwa katika pembe moja ya picha ulibaki katika pembe ile ile ya kamera. Ulikuwa wa mitambo. Ukungu uligeuka pamoja na nyota.

Picha iliyotundikwa ukumbini si laini. Ukiisogelea karibu utaziona chenga, ndogo kama unga, na chini yake, kwa mwandiko wa msichana yule, idadi ya picha, sekunde, na tarehe za siku zile mbili.