Miaka Nane na Nusu Ndani ya Ligi Ndogo



Watu wengi hapa interna wananiuliza juu ya ile kofia nyeusi yenye herufi P ya manjano ninayovaa Siku ya Posho. Wa darasa la kwanza wanasema ni P ya Polisi, juu mimi ni kapita na ndimi ninazima taa saa tatu. Apana. Ni P ya Pittsburgh, muji wa Marekani katika jimbo la Pennsylvania, pahali mujomba wangu anakaa na kufanya kazi ya usiku. Ekipe ya kule inaitwa Pirates, maana yake wanyang'anyi wa baharini. Kombe lao la mwisho la ubingwa ni la mwaka 1979. Mwenye kupenda ekipe ya kushinda kila mwaka atafute ingine.

Muchezo wenyewe ni besiboli. Sitaueleza wote, juu karatasi ni chache. Mutupaji anatupa mupira mugumu, mupigaji anajaribu kuupiga kwa fimbo, akifaulu anakimbia vituo vitatu mpaka kurudi pale alipoanzia, na hiyo ni pointi moja. Mupigaji akikosa mara saba kwa kumi, wanamuita mupigaji hodari sana! Neno hilo peke yake lilinifanya niupende muchezo huu. Kwetu sisi mwenye kukosa saba kwa kumi anarudia mwaka.

Sasa nisikilizeni juu ya ushindi mumoja. Ilikuwa tarehe 26 ya mwezi wa ine, mwaka 2017. Pirates walikuwa wakicheza nyumbani kwao na Chicago Cubs, waliokuwa mabingwa wa mwaka 2016. Cubs walikuwa na Jon Lester, mutupaji aliyekwisha kupata ubingwa mara tatu. Katika sehemu ya ine ya muchezo kocha wa Pirates aliingiza kijana mufupi mweusi, mwenye miaka 27, ambaye hajacheza hata siku moja katika ligi kubwa. Jina lake ni Gift Ngoepe, mutoto wa Afrika Kusini. Mupokeaji wa Pirates, Francisco Cervelli, akamukumbatia pale katikati ya kiwanja. Kiisha zamu yake ya kupiga ikafika, mbele ya yule Lester, naye akaupiga mupira, ukapita katikati, akafika kituo cha kwanza. Hivi ndivyo muzaliwa wa kwanza wa Afrika alivyocheza na kupiga katika ligi kubwa ya Marekani. Pirates wakashinda 6 kwa 5.

Gazeti lingeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Mimi ninapenda zaidi yale ya nyuma.

Mama yake Ngoepe alifanya kazi kwenye nyumba ya kilabu cha besiboli huko Randburg, karibu na Johannesburg, wakampa chumba kidogo mulemule, na mutoto akakomalia pale. Akifungua mulango, kiwanja kiko mbele ya macho. Mwaka 2008 Pirates wakamuchukua, wakamupa dolari 15.000, akaenda Marekani. Lakini kule, ndugu zangu, mutu hachukuliwi leo akacheza kesho. Kila ekipe kubwa iko na watoto wake, yaani ekipe ndogo katika miji midogo, na zimepangwa kama madarasa. Kuna ngazi ya wanaoanza, kuna A moja, A mbili, na A tatu ndiyo ya juu. Mutu anapanda, anakaa, pengine anashushwa.

Ngoepe alianzia Florida mwaka 2009. Mwaka 2010 alikuwa State College, 2011 West Virginia, 2012 Bradenton, tena 2013 Altoona. Mwaka huo wa 2013 mama yake akafariki kule Afrika Kusini. Alibaki Altoona mwaka 2014 pia, na mwaka 2015 alianza palepale, ndipo akapandishwa Indianapolis kwenye A tatu. Huko tena alingojea mpaka 2017. Kwa mikono alikuwa mulinzi wa ajabu, mupira haumupiti. Kwa fimbo alikuwa zaifu, na hilo ndilo lililomukawisha. Na mushahara wa ngazi hizo siku zile ulikuwa wa kucheka: wa chini walipata kama dolari 1.100 kwa mwezi, tena katika miezi ya kucheza tu, wakati mwenye mushahara mudogo kabisa katika ligi kubwa mwaka 2017 alilipwa dolari 535.000 kwa mwaka. Wachezaji wa chini walikuja kupata mapatano ya pamoja mwaka 2023 tu, ndipo mishahara ikaongezwa.

Habari hii niliipeleka nyumbani wakati wa likizo, na ilikuwa na sababu. Mukubwa wangu ameshindwa mutihani wa Serikali mara mbili. Baba alikuwa amekata neno kwamba hatatoa tena franga ya kumuandikisha mara ya tatu, juu mwaka huu ni mimi ninaingia kwenye mutihani huo, na nyuma yangu kuna wadogo wane. Basi jioni moja nikaeleza mambo ya Ngoepe toka mwanzo mpaka ile siku ya Lester. Baba alisikiliza vizuri, hakunikata. Halafu akauliza: «Na kiisha pale, ule mutoto alicheza mara ngapi?»

Baba yangu ni mutu wa hesabu, anauza mafuta ya mawese. Nilipaswa kujibu kweli. Nikasema: michezo 28 na Pirates mwaka ule. Alipiga vizuri mara 12 kwa mara 54. Kiisha Pirates wakamutoa, akaenda Toronto, Kanada, mwaka 2018, akacheza 13, akapiga mara moja kwa 18. Ndiyo mwisho wake katika ligi kubwa.

«Basi miaka nane na nusu juu ya michezo 41», baba akasema.

Mama akajibu toka jikoni: «Lakini alifika.»

Neno halikuisha siku ile, na mupaka leo halijaisha. Mukubwa wangu mwenyewe hakusema kitu. Alichukua simu yangu akatazama ile sinema fupi ya mupira ukipita katikati, mara tatu, akanirudishia. Mimi niko upande wa mama, lakini siwezi kusema hesabu ya baba ni ya uongo. Watoto mia wanaanza kwenye ngazi ya chini, na walio wengi sana wanarudi kwao bila kufika. Mwenye kusifu ligi ndogo bila kutaja hao anadanganya watu.

Tena ngazi zenyewe zinapunguzwa. Mwaka 2021 ligi kubwa ilikata ekipe za chini toka 160 mpaka 120. State College na West Virginia, ngazi mbili ambazo Ngoepe alikanyaga, ziliondolewa katika mupango huo. Sababu zao ni gharama na viwanja vibaya. Mimi naona walikosea, kwani mutu wa kukawia kama Ngoepe ndiye anayehitaji ngazi nyingi. Mwenye akili nyepesi atapita hata ukimupa ngazi mbili.

Pirates lakini, siwezi kuwaacha, na si juu ya mujomba peke yake. Hii ndiyo ekipe ya Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyekufa katika ndege siku ya mwisho ya mwaka 1972 akipeleka musaada kwa watu wa Nicaragua walioangukiwa na tetemeko. Ndiyo ekipe iliyoweka kiwanjani, tarehe 1 ya mwezi wa kenda 1971, wachezaji weusi na wa Amerika ya Kilatini peke yao, mara ya kwanza katika ligi kubwa, na siku ile walishinda 10 kwa 7.

Na sasa wanatazama upande wetu. Hapa jirani, Uganda, watoto wanacheza besiboli kweli. Mwaka 2011 ekipe ya watoto wa Kampala ilipata haki ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto huko Marekani, ikanyimwa viza juu ya karatasi za kuzaliwa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, na wakawashinda watoto wa Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2022 Dodgers wa Los Angeles wakachukua vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pirates wakamuchukua David Matoma, mutupaji, mupira wake unapita kilometa 150 kwa saa. Wote walianzia chini, kama inavyopaswa. Matoma nina tumaini naye zaidi, kwani mutupaji hasumbuliwi na fimbo, na mukono kama ule haufundishwi. Nimekwisha kumuambia mujomba: siku atakapopandishwa juu, apige simu hata kama ni katikati ya usiku. Taa zitakuwa zimezimwa lakini kapita ndiye mwenye ufunguo.

Wenye kutaka kujaribu muchezo huu waje Siku ya Ine saa tisa, nyuma ya jiko. Fimbo tumechonga kwa mupini wa jembe, mupira tunashona wenyewe. Tunapigia upande wa mito, si upande wa madirisha ya walimu.