Kubisha

Sisi ni watu wa nyanda za juu. Mmoja wetu alizaliwa Dongobesh, mwingine chini ya Mlima Hanang, na maji mengi tuliyoyajua hadi kuota mvi ni ya Basotu na Balangida. Kijana wetu anayefundisha Unguja alipotuita Januari 2025 tukamwone na kupanda mashua, tulimjibu tutaangalia. Kwetu jibu hilo ni hapana.

Alijua sababu. Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, mlima ulimeguka alfajiri. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Sisi tulipoteza nyumba, na chumba cha nyuma alikuwa amelala mjukuu wetu wa miaka minne.

Wapendwa, hatukuacha kanisa. Tuliimba, tulitoa sadaka, tulipokea pole. Lakini nyumbani hatukusali pamoja tena. Mmoja alikuwa na hasira na Mungu akaona kuitamka ni dhambi. Mwingine alikuwa na hasira hiyohiyo akidhani yuko peke yake. Mvua ikinyesha usiku tulilala macho, kila mtu amegeukia upande wake.

Kijana hakuchoka kupiga simu. Tukauza kitunguu saumu, tukaenda.

Pale Fumba nahodha alitusalimu shikamoo, akasema, "Mzee, mama, kaeni huku shetri." Tulitazamana. Neno hilo tumelisoma miaka 40 katika Marko sura ya 4, Bwana amelala katika shetri, na siku zote tulidhani ni chumba fulani cha chini. Kumbe ni sehemu ya nyuma ya chombo, karibu na usukani, mahali padogo kabisa. Mashua yao haikuwa kama yetu, lakini tuliona jinsi wanafunzi walivyokuwa karibu naye. Ukinyoosha mkono unamgusa. Na bado walimwamsha kwa lawama, wala hakuwafukuza chomboni.

Kwenda Kisiwa cha Kwale kulikuwa rahisi, kaskazi ikitusukuma. Tulikula samaki, tukaona mbuyu mkubwa, tukapiga picha kama watalii. (Chumvi ya bahari, tuseme kweli, haina ladha ya magadi ya kwetu.)

Kazi ilikuwa kurudi. Upepo ulikuwa usoni na umeongezeka. Mawimbi yalirusha maji ndani, baharia mmoja akawa anayafua kwa ndoo iliyokatwa. Tulishikana mikono kwa nguvu, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu mazishi. Mashua ikaelekea kushoto, mbali kabisa na Fumba.

"Baba, mbona unatupeleka siko?"

"Tunabisha, mama."

"Unabisha na nani?"

Wakacheka wote. Nahodha akaeleza kwamba chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo moja kwa moja. Kinakwenda upande huu, wanahamisha foromali upande wa pili wa mlingoti, kinakwenda upande ule. Huko ndiko kubisha. Ukitazama ufuko unaona unapotea, alisema, lakini kila mkato unakusogeza. Anayekataa kubisha akasubiri upepo umpendeze, atalala baharini.

Tulinyamaza muda mrefu. Kisha mmoja wetu akasema kwa Kiiraqw, kwa sauti, palepale shetri: Ulikuwa wapi alfajiri ile? Mwingine hakumzuia. Akataja jina la mtoto. Tukaendelea kwa zamu, na maneno mengine hayafai kuandikwa katika kitabu hiki. Tulimwambia Mungu kwamba siku ile tulikuwa tunakwenda nyumbani kwake. Tulilia. Mabaharia hawakuijua lugha yetu. Nahodha alitazama tanga lake tu, na kila walipohamisha foromali alinong'ona bismillahi.

Walihamisha mara saba. Tulifika Fumba jua likizama, tumelowa hadi kiunoni, na kijana wetu alikuwa amesimama pwani na kanga mbili kavu.

Usiku ule tulipiga magoti pamoja. Hatukuwa na la kushukuru zaidi ya kufika, tukashukuru hilo, kisha tukarudia swali lilelile. Hadi leo Katesh tunaliuliza, jioni nyingine dakika mbili tu, jioni nyingine mpaka taa inaishiwa chaji. Hatujajibiwa. Mvua ikianza, mmoja humwamsha mwenzake.