Akiba Inayooza

Akiba haiozi, walisema wahenga, na aghalabu walisema kweli. Nazi hukaushwa ikawa mbata, papa hutiwa chumvi akangoja msimu, fedha hufungwa pembeni mwa kanga. Lakini ipo akiba moja inayoikanusha methali hiyo, nayo ni mbegu. Mbegu ni kitu chenye uhai. Hupumua polepole ndani ya ganda lake, na ikikaa miaka bila ya kupandwa hufa kimya kimya, nayo kwa macho ingali ile ile. Anayetaka kuihifadhi hana budi kuitumia: aitoe chupani, aitie udongoni, kisha aipokee tena ikiwa mpya.

Mbegu hizi zilizorithiwa huitwa mbegu za asili, na tamko lenyewe lina fumbo. "Mbegu" ni neno la Kibantu. "Asili" lilitoka Arabuni. Mimea nayo ni hivyo hivyo. Kunde ni mzaliwa wa Afrika, mbaazi chimbuko lake ni Bara Hindi, na mahindi, mihogo na tungule zilivuka bahari kutoka Amerika. Kama asili ingekuwa ni mahali pa kuzaliwa tu, bustani nyingi za visiwani zingebaki nusu tupu. Uasili wa mbegu umo katika mikono iliyopokezana. Hindi lililopandwa na kuchaguliwa vizazi kwa vizazi katika ardhi ya maweni, penye udongo haba na jua kali, limekwisha kuwa la hapo, kama lilivyo neno la kigeni lililokwisha kupata ngeli na viambishi vyake.

Kupokezana huko kuna kanuni. Wengi hula zilizo bora na kuzifanya mbegu zile zilizosalia; mwaka baada ya mwaka mmea hudhoofika, na lawama hutupiwa mvua. Mjuzi hangoji mavuno. Huchagua shina lingali limesimama: lililochanua kwa wakati, lililostahimili kiangazi, lisilokunjwa majani na maradhi. Hulifunga kitambaa ili kila mtu nyumbani ajue kuwa hilo halichumwi. Wala hachagui shina moja pekee, kwani ukoo wa shina moja ni mwembamba. Mahindi hasa hutaka mashina mengi.

Kila mmea una tabia yake ya ndoa. Ua la kunde hujichavusha lenyewe kwa kawaida, hivyo aina mbili zaweza kukaa jirani bila ya kuchanganyika sana. Mahindi huoana kwa upepo. Chavua ya mbelewele za shamba la pili yaweza kuingia bila ya hodi. Maboga huozwa na nyuki, na mwenye kutaka kulinda aina yake hulifunga ua jike na ua dume jioni, kabla hayajafunguka, akayachavusha kwa mkono asubuhi na kulifunga tena lile jike. Mbegu za tungule huachwa siku mbili au tatu katika maji yake zichachuke, utelezi utoke, ndipo zioshwe na kuanikwa kivulini.

Adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Wataalamu wa hifadhi wana kanuni ya makadirio: kila unyevu wa mbegu upunguapo kwa asilimia 1, umri wake huongezeka takribani maradufu. Mabibi waliotundika mahindi juu ya meko, na waliochanganya kunde na jivu kavu kabla ya kuziba chupa, hawakuwa na kipimo cha asilimia. Lakini moshi na jivu vilifanya kazi iyo hiyo, na wadudu vikawakimbiza.

Si haki kuzibeza mbegu chotara za dukani. Huzaa kwa wingi na kwa mlingano, na mwenye deni la karo hawezi kulaumiwa kwa kuzinunua. Ila mazao yake hayarithishi sawasawa: ukipanda punje zake, watoto hutawanyika, huyu hivi na yule vile. Mkulima hurudi dukani kila msimu, na siku asiyokuwa na fedha hana mbegu.

Jambo hili limefika hata mahakamani. Nchini Kenya, sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima wadogo walishitaki, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Jambo lililofanywa na majirani kwa kibaba na ahsante likarudishiwa uhalali wake.

Mbali kaskazini, katika visiwa vya Svalbard nchini Norwei, ilifunguliwa mwaka 2008 hazina ya mbegu za dunia, zilizowekwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwaka 2015, vita vya Syria vilipozuia kazi ya hazina iliyokuwa Aleppo, sampuli zake zilitolewa huko, zikapandwa Lebanon na Morocco, na mbegu mpya zikarudishwa. Hata barafu, basi, haikuiondolea mbegu haja ya mkulima.

Huku kwetu walinzi wengi ni wanawake wazee. Afapo mmoja wao, warithi huhesabu mikarafuu, minazi na nyumba. Chupa zilizo darini hazimo katika mirathi. Baada ya misimu michache, kilichomo ni maganda yenye umbo la mbegu, na jina la kunde ile limekwenda na aliyelijua.

Dawa yake si kubwa. Konzi moja yatosha kuanza, na ua mdogo watosha kuiendeleza. Na penye mavuno, nusu ya mbegu apewe jirani, pamoja na jina lake na mwezi wa kuipanda. Mbuzi wakiingia bustanini, au masika yakiozesha kila kitu, kutakuwa na mlango wa kubisha.