Goti la Kanga

Nilifika maabara siku tatu baada ya wenzangu kwa sababu viza yangu ilichelewa. Yalikuwa mafunzo ya utafiti ya kiangazi nchini Marekani, wiki 10, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotaka kujifunza jinsi wanyama wanavyotembea na kukimbia. Somo la kwanza la vitendo lilikuwa limeshanipita. Nilipewa karatasi ya maelekezo na kompyuta.

Nilipofungua video ya kwanza nilicheka peke yangu. Alikuwa kanga. Nimekulia Singida, na kanga nimewakimbiza shambani tangu sijaanza shule. Sikutegemea kumkuta huku, mbele ya kamera inayopiga picha 250 kwa sekunde.

Watafiti wa mwendo wanampenda kwa sababu anakimbia kwa miguu miwili kama sisi, na haanguki ovyo. Mwaka 2006 Monica Daley na Andrew Biewener walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kanga alikimbizwa juu ya shimo la sentimita 8.5 lililofichwa kwa karatasi laini. Mguu ulizama, ndege akaendelea na safari yake.

Kazi yangu ilikuwa kuweka alama nne kwenye kila picha: nyonga, goti, kifundo, vidole. Video ya sekunde mbili ina picha 500, yaani alama 2,000. Wiki ya pili ilipokwisha nilikuwa nimemaliza video 20. Msimamizi wangu alinisifu kwa kasi.

Ijumaa ile usiku nilipima urefu wa mfupa wa paja, kutoka nyonga hadi goti, picha baada ya picha. Ulikuwa unarefuka na kufupika. Mfupa haurefuki katikati ya hatua.

Wa kuuliza walikuwapo, lakini niliona aibu. Mimi ndiye niliyetoka kwao kanga! Ilikuwa saa tano usiku. Singida saa kumi na mbili asubuhi. Nikampigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kwema? Mbona usiku wote huu?”

“Kwema. Mama, goti la kuku liko wapi?”

Alinyamaza kidogo. “Huko hamli?”

“Tunakula. Niambie tu.”

“Ukikata paja vipande viwili, kisu kinapita wapi bila kugonga mfupa? Hapo ndipo goti. Kule chini magamba yanapoanzia ni kifundo. Kuku wangapi umenikatia wewe?”

Wengi. Mikono yangu ilijua tangu nina miaka kumi. Goti la ndege limefichwa juu, karibu na tumbo, chini ya manyoya. Kile kinachoonekana kama goti lililokunjwa kinyumenyume ni kifundo. Nilichokiita goti kilikuwa kifundo, na nilichokiita kifundo kilikuwa shina la vidole. Alama 40,000, na nusu yake zilikuwa mahali pasipo pake.

Jumamosi na Jumapili nilifikiria kunyamaza. Video zangu zingechanganywa na za wengine, na pengine hakuna ambaye angejua kosa limetoka mkono gani. Nilihitaji barua ya msimamizi yule ili niombe nafasi ya uzamili. Lakini hesabu zile zingetumika kueleza jinsi kanga anavyojiokoa shimoni, na zingekuwa zinamsema ndege ambaye hayupo duniani.

Jumatatu nilimwambia. Aliangalia grafu yangu kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Nani amekuambia upime urefu wa mfupa?” Nikasema hakuna. Akavuta kiti, tukaanza video ya kwanza upya.

Siku ya kuonyesha mabango, wenzangu walikuwa na video 30 au zaidi. Langu lilikuwa na 12. Nilimtumia mama picha yake kwa simu. Hakusoma Kiingereza kilichoandikwa pale, ila alivuta picha ikawa kubwa, akautazama mchoro wa mguu.

“Sawa,” alisema. “Sasa goti liko mahali pake.”