Mkeka Hauna cha Kuvuta

Ukiichunguza yoga vizuri utaona karibu kila kitu ni kusukuma. Unasukuma sakafu kwa viganja, unaisukuma kwa nyayo, unajiinua, unajishusha. Cha kuvuta hakuna. Mkeka hauna kamba, hauna ndoo, hauna mtu.

Mimi nina mtu. Mama alipata kiharusi, upande wake wa kulia ukalegea, na tangu hapo kumtoa kitandani hadi kwenye kiti ni kazi yangu. Yeye ana kilo 62, mimi 58. Asubuhi, mchana, jioni. Wanaosema mazoezi ni ya kutafuta shepu tu, waje wanisaidie na hiyo hesabu.

Yoga nilikuwa nayo tayari. Ilinipa nyonga zinazokunjika na pumzi isiyokatika ovyo. Kilichokosekana ni nguvu ya mgongo wa juu, mikono na vidole vya kushika. Basi nikaingia jimu ya mtaani, ile ya mabati, ambako chuma ni bomba na mikebe miwili ya rangi iliyojazwa zege. Mkebe wa lita 4 ukijaa unakaribia kilo 10. Msee mmoja akaniambia, "Siste, hizo ni za maboyi. Utatoka mabega." Nikamwambia mabega ndiyo nimefuata.

Upande wa pili nao haukunyamaza. Rafiki zangu wa yoga wanaona chuma kinachafua utulivu. Lakini historia haiko upande wao. Miaka ya 1930, Krishnamacharya akifundisha yoga katika kasri la Mysore, kule Bangalore alikuwako K. V. Iyer, mtunisha misuli aliyechanganya vyuma na yoga bila kuomba ruhusa ya mtu. Wacheza mieleka wa India wamezungusha rungu zito, gada, kwa vizazi. Na B. K. S. Iyengar, mwanafunzi wa Krishnamacharya, ndiye aliyezoesha dunia kufanya yoga kwa kamba, mishipi na vipande vya mbao. Vifaa si wageni kwenye mkeka.

Siku hizi nafanya hivi. Naanza na salamu ya jua, polepole, hadi mwili upate joto. Kisha nakaa kama niliye kwenye kiti kisichokuwepo, nimekumbatia jerikeni ya lita 5 kifuani, pumzi tano. Halafu nainama nusu, mgongo umenyooka, navuta jerikeni kuelekea mbavu, nikitoa pumzi ninapovuta. Mwisho ni tyubu kuukuu ya baiskeli. Naifunga kwenye grili ya dirisha, naivuta kwa mikono miwili hadi mabega yaungue. Kisha nalala chali, kimya.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kumwinua Mama: kunja nyonga na magoti, si kiuno, mweke karibu na mwili wako, toa pumzi ukiinuka. Nikacheka. Mwalimu wa yoga alikuwa amesema hivyo hivyo, na yule msee wa mabati pia, ila yeye kwa kelele.

Sitasema Mama amepona. Mkono wake wa kulia bado hauvuti. Nikimpa ncha ya tyubu anaishika tu, na kushika nako ni kazi. Maneno mengi yalimpotea, hata jina langu huja likichelewa, lakini namba zilibaki. Kwa hiyo ndiye anayenihesabia. Anakaa pale kwenye kiti, leso mapajani, "moja… mbili… tatu…," sauti ya mwalimu wa nasari aliyochoka.

Akifika nane husita. Macho yanatafuta. Mimi niko nusu nimeinama, mzigo uko hewani, mikono inatetemeka. Sijawahi kumtajia tisa. Navuta pumzi, naitoa, nangoja. Huwa inakuja.