Pikipiki gani ya kwenda Buta?

Wamama wapenzi, tangu turudi kutoka Buta, kila siku ya mkutano kuna mtu anayetushika mkono na kuuliza: mlifika namna gani? Na swali la pili ni lile lile: hii pikipiki mliyonunua ni ya namna gani, na kwa nini hamkuchukua kubwa? Tunajibu hapa mara moja kwa wote, maana pesa ni ya sisi wote.

Mnakumbuka ile ya kwanza. Miaka miwili iliyopita tulinunua pikipiki ndefu, nzuri ya macho, iliyokwisha kutumiwa. Ilikwenda miezi minne. Kisha chuma kimoja kidogo ndani ya injini kikavunjika, tukaagiza kingine Kampala, tukangojea majuma tisa, na kilipofika hakikuwa cha pikipiki yetu. Pesa ile ilitoka katika likelemba, katika chikwange na mawese ya wamama ambao wengine watoto wao walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali. Ndiyo maana safari hii, tulipotaka kununua tena, kulikuwa na kelele, na mama mweka hazina alikataa kufungua kisanduku mpaka tumweleze sababu moja moja.

Tukaenda kuwauliza wenye kuijua njia: motari wanaotoka Kisangani kila juma, wakivuka daraja la Tshopo na kushika barabara ya taifa namba 4. Mpaka Buta ni zaidi ya kilometa 300, na ukitaka Bondo unaongeza karibu 200. Mmoja alitucheka kidogo, akasema: msiangalie sura, angalieni ni piesi gani zinauzwa Banalia sokoni. Hilo peke yake lilimaliza nusu ya maneno. Tukazunguka, tukaona kwamba vijiji vyote vina piesi za Boxer na za TVS: bujie, shene, kebo za freni, hata kama si za asili. Yamaha za misioni ni nguvu sana, hatukatai, lakini bei yake ingekula likelemba ya mwaka mzima na piesi zake hazilali kando ya njia.

Basi tukachukua Boxer ya 150. Ina injini ya kupozwa na upepo, haina maji wala kompyuta, na ina kiki, kwa hiyo betri ikikufa unaiamsha kwa mguu. Magurudumu tulitaka yale ya reyo. Reyo ikipinda, fundi wa kijijini anainyoosha na nyundo. Gurudumu la kumiminwa likipasuka, safari imekwisha. Kwa fundi tulibadilisha pinyo ya nyuma, tukaweka yenye meno mengi zaidi: mwendo unapungua, lakini katika matope inavuta. Tukaweka pine zenye meno makubwa, na mchomeleaji akatutengenezea porte-bagaji ya chuma cha mviringo. Ya kwanza aliyoitengeneza ilikatika tukiwa bado mjini, ikiwa na gunia moja tu la chumvi. Heri ilikatika pale.

Jambo moja wanaume hawakulifikiria: kimo cha kiti. Zile ndefu zinampendeza kijana, lakini mama aliyevaa kikwembe anapandaje? Na ikianguka katika matope, nani ataiinua? Tulijaribu wenyewe uwanjani kwa shule, sisi wanawake wawili tu, kuilaza na kuiinua. Ile kubwa ilitushinda. Boxer ilinyanyuka mara ya pili. Wanafunzi walitazama dirishani, na siku ile somo la hesabu halikwenda vizuri.

Tulitoka tukiwa na pikipiki mbili, yetu na ya kukodi, motari wawili na sisi wawili. Banalia, kivuko hakikufanya kazi siku ile, tukavuka Aruwimi kwa mtumbwi, pikipiki imesimama katikati, kijana ameishika kwa mikono miwili na sisi tumekaa chini tukisali. Esansi huko inauzwa kwa chupa, na kadiri unavyokwenda bei inapanda. Ichujeni kwa kitambaa kabla ya kumimina. Sisi tulichelewa kufanya hivyo, bujie ikachafuka, tukapoteza nusu siku. Na makaratasi yawe kamili, maana vizuizi ni vingi, na risiti haitoki kila mahali.

Siku ya tatu, katika kijiji kimoja msituni, muuguzi alisimama katikati ya njia akiwa ameinua mikono. Ndani kulikuwa na mama mwenye uchungu wa siku mbili, mimba yake ya kwanza. Hospitali ni Buta. Toleka ilikuwapo, lakini baiskeli katika matope yale ingechukua siku nzima na zaidi. Hatukufanya mkutano. Tulifungua mizigo yote, mbegu, madaftari, magunia ya chumvi, tukaiacha kwa muuguzi. Motari alikaa mbele hata juu ya tangi, mgonjwa katikati, dada yake nyuma akimfunga na kikwembe tumbo kwa mgongo. Kiti cha Boxer ni kirefu na cha usawa, ndiyo maana walienea watatu. Pikipiki ya pili ilikwenda nyuma yao na mwalimu mwenzetu mmoja, kwa kusukuma kwenye vilima. Aliyebaki alilala kijijini.

Walifika usiku. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, msichana, mama alikuwa hai. Tulipomwona juma lililofuata alikuwa anakaa kitandani akila wali, akatuuliza kama chumvi yetu haikuloa. Haikuloa. Muuguzi aliituma yote, hata daftari moja halikukosekana.

Dada zetu wa Buta walitupokea karibu na reli ya zamani ya Vicicongo, ile iliyokwenda Aketi na Mungbere. Leo majani yameifunika. Wanaomba mbegu zaidi kabla ya mvua, na wa Bondo wanaomba tufike na kwao.

Tulipotoa hesabu, mama mweka hazina aliuliza kwa nini tumelipa chakula cha motari siku mbili zaidi. Tukaeleza. Akaandika. Sasa shauri lililobaki ni hili: pikipiki ilale kwa nani? Shuleni hakuna mlango mzuri. Njooni siku ya mkutano mkiwa na majina, na anayetaka kujifunza kuiendesha aje Jumamosi mapema, jua likiwa bado dogo.