Barua Mbili za Kazi

Mwezi wa Februari mwaka 2017 binti yetu wa kwanza alirudi nyumbani Iringa akiwa na barua mbili ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amemaliza chuo na kupata shahada ya uhasibu, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima alikuwa amezungusha maombi ya kazi mpaka soli za viatu zikalika. Sasa Mungu alikuwa amemfungulia milango miwili kwa mara moja. Baada ya chakula cha jioni alizitandaza barua zile mezani, akasema, "Baba, Mama, naomba mnishauri. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa."

Barua ya kwanza ilitoka katika kampuni ya biashara huko Dar es Salaam. Mshahara ulikuwa shilingi 950,000 kwa mwezi, pamoja na chakula cha mchana. Barua ya pili ilitoka katika shirika moja mjini Morogoro. Mshahara shilingi 680,000, chumba na sebule katika nyumba za wafanyakazi, kadi ya bima ya afya, na mstari mmoja wa mwisho ambao mimi niliuruka bila kuusoma vizuri.

Mume wangu, mwalimu mstaafu, alivaa miwani yake akauliza jambo moja tu: "Michango ya pensheni inapelekwa wapi?" Mimi niliweka kidole juu ya neno bima. "Hapa pametosha," nikasema. "Nenda Morogoro, mwanangu." Mdogo wake wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha nne, alicheka sana. Alisema mtu mwenye akili timamu haachi laki tisa na nusu akakimbilia laki sita na themanini.

Barua zilikuwa zilezile mbili, lakini kila mmoja wetu pale mezani alisoma ya kwake.

Kwa nini nilishika neno bima

Akina mama wenzangu, kidole changu hakikwenda pale kwa bahati. Mwaka 1998 niliajiriwa kuwa mtunza fedha katika duka moja kubwa. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa rafiki zangu wote, nami nilijisifu. Kaka yangu alinishauri nidai barua ya ajira. Nikamwambia asinitie mikosi. Kila mwisho wa mwezi nilikatwa fedha, nikaambiwa ni za mfuko wa hifadhi ya jamii. Sikuuliza risiti.

Mwaka 2000 nilijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa njiti, na tulikaa hospitalini kwa majuma mengi. Wakati huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa bado haujaanza kazi. Ulianza mwaka 2001. Tuliuza cherehani, tukauza baiskeli, kisha tukauza mahindi ambayo yalikuwa chakula cha watoto. Niliporudi dukani nilimkuta mtu mwingine ameketi kwenye kiti changu. Sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba kiti kile kiliwahi kuwa changu. Nilipokwenda kufuatilia michango yangu, niliambiwa haukupelekwa hata mwezi mmoja.

Mtoto yule alipona, namshukuru Mungu. Ndiye huyo aliyekuwa akicheka pale mezani.

Basi mtaelewa kwamba usiku ule sikuwa nasoma barua ya binti yangu. Nilikuwa nasoma ile barua ambayo mimi sikupewa.

Hesabu ya binti

Kesho yake alfajiri nilimkuta jikoni na daftari. "Mama," akaniambia, "mshahara wa kwenye barua siyo mshahara wa mkononi." Akanionyesha. Katika zile 950,000 angekatwa asilimia 10 ya NSSF, kisha kodi ya mapato, kisha asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, kwa kuwa alisoma kwa mkopo. Zingebaki 573,900. Katika zile 680,000 angekatwa hivyo hivyo, na juu yake asilimia 3 ya bima ya afya. Zingebaki 418,500. Kumbe ile tofauti ya laki mbili na sabini iliyomchekesha mdogo wake ilikuwa imeshuka ikawa laki moja na elfu hamsini na tano hivi.

"Na Dar es Salaam chumba ni laki moja," akaendelea, "na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Chakula chao cha mchana kitaliwa na nauli."

Nilifurahi, nikidhani nimeshinda. "Kwa hiyo unakwenda Morogoro kwa ajili ya bima," nikasema.

"Hapana, Mama. Bima ni kitu chema, lakini mimi sina mume wala mtoto, na ninyi mnatibiwa kwa kadi ya Baba ya ustaafu." Ndipo akaweka kidole kwenye ule mstari wa mwisho ambao mimi niliuruka. Mwajiri yule alikuwa tayari kumlipia ada ya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na kumpa ruhusa siku za mitihani. "Nikiipata CPA," akasema, "sitazungusha tena bahasha."

Nilinyamaza. Tulikuwa tumefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na hiyo ilikuwa bahati tu. Je, kama bima ingekuwa Dar es Salaam na ule mstari wa mitihani ukawa Morogoro? Ningemsukuma binti yangu kwa nguvu zote kwenye kazi isiyomfaa, nikiamini kwamba ninampenda.

Watu watatu, mkataba mmoja

Asubuhi ile nilikumbuka jambo la mwaka 2014. Nilikuwa karani katika shule moja ya binafsi, na siku ya usaili wa walimu nilikaa pembeni nikiandika kumbukumbu. Waliofaulu walikuwa watatu, nao waliahidiwa mambo yaleyale: chakula cha mchana, nusu ya ada kwa mtoto mmoja wa mfanyakazi, na nafasi ya nyumba kwa anayetoka mbali. Mwalimu mkuu aliona amewapa vitu vya thamani sawa.

Wa kwanza alikuwa kijana aliyetoka chuoni. Alisema kwa adabu, "Nusu ya ada ni jambo jema, ila mimi sina mtoto. Naomba kama inawezekana nikopeshwe mshahara wa mwezi mmoja, ninunue kitanda na jiko." Shule ilimkopesha, akarejesha kidogo kidogo. Jambo hilo halikuigharimu shule chochote, na yule kijana alikaa pale miaka mingi.

Wa pili alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu. Ya nyumba na chakula hakuyagusa. Aliuliza kama michango ya NSSF hupelekwa kila mwezi, na kama ataonyeshwa risiti. Kumbe ili mtu apate pensheni ya kila mwezi ilimpasa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15, naye alikuwa amebakiza miezi kumi na minane. Kwake risiti zile zilikuwa na thamani kuliko nyongeza yoyote ya mshahara.

Wa tatu alikuwa mama mwenye mtoto wa miezi mitano, na kwa maoni ya wote ndiye aliyefundisha vizuri kuliko wenzake. Aliuliza kama ataruhusiwa kwenda kunyonyesha mchana. Mwalimu mkuu alikunja uso. "Hujaanza kazi, tayari unaomba ruhusa?" Yule mama alishukuru, akaondoka, na muhula ule ule akaajiriwa shule nyingine. Nami nilikaa kimya na kalamu yangu, mimi niliyepoteza kazi kwa sababu ya kuzaa. Hilo linaniuma mpaka leo, hasa baada ya kujua kwamba hakuwa akiomba hisani. Alikuwa akiomba haki yake.

Tenga mafungu matatu

Tangu hapo, mtu akiniletea barua ya kazi ili nimsaidie kuisoma, humwambia atenge mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mambo ambayo ni haki yako kwa sheria, hata kama mwajiri ameyaandika kwa maneno matamu kana kwamba ni zawadi. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Mama hupata likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100. Baba naye hupata siku zisizopungua 3. Mama anayenyonyesha ana haki ya kutoka hadi saa mbili kwa siku katika muda wa kazi. Na mwaka 2025 sheria zilirekebishwa, ili mama aliyejifungua njiti aongezewe muda mpaka wiki 40 za ujauzito zitimie. Niliposikia habari hiyo nililia. Basi mwajiri asikuuzie likizo ya uzazi kwa kupunguza mshahara wako.

Fungu la pili ni nyongeza: nyumba, usafiri, ada za masomo, mkopo wa dharura, bima iliyo nzuri zaidi. Hapa ndipo watu wanapotofautiana. Usiulize kitu hicho kina thamani ya shilingi ngapi. Uliza nyumbani kwako kuna nani na ana shida gani mwaka huu. Anayemtunza mama mkwe mgonjwa asiige uamuzi wa jirani anayejenga nyumba.

Fungu la tatu ni ahadi za mdomo. "Tutakuangalia baada ya miezi mitatu." "Usijali, sisi hapa ni familia." Fungu hili lipokee kwa tabasamu, kisha liombee karatasi. Na ukikatwa michango, dai kuona kwamba imefika. Usiwe kama mimi.

Mimi nami ni mwajiri

Binti yetu alikwenda Morogoro. Mitihani haikuwa rahisi. Somo moja alilirudia mara mbili, lakini aliimaliza. Mwaka 2021, akiwa ameolewa na amejifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji, alinipigia simu kutoka hospitalini. "Mama," akasema, "lile neno uliloliwekea kidole, sasa nimelielewa." Barua haikuwa imebadilika. Maisha yake ndiyo yaliyobadilika.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo naonekana mwenye hekima. Lakini mwaka huo huo dada wa kazi, aliyekuwa amekaa nami miaka mitatu, aliniaga. Alikuwa anahamia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Niliudhika. Nilimpa chumba chake, alikula chakula tulichokula sisi, na kila Krismasi nilimnunulia kitenge. Nikamuuliza jirani anamwongezea shilingi ngapi.

"Mshahara ni uleule, Mama," akajibu akitazama chini. "Ila kule nitaruhusiwa kwenda kujifunza kushona kila siku saa tisa."

"Ulianza lini kutaka kushona?"

"Tangu siku nilipokuja."

Miaka mitatu. Nyumbani kwangu saa tisa alasiri hakuna kazi ya maana, sote hupumzika. Mimi niliyewafundisha wengine kusoma barua za ajira, sikuwahi kumuuliza msichana aliye chini ya dari langu anatafuta nini. Nilikuwa nimempa vitenge vitatu. Bila shaka alivipeleka kwa fundi mwingine kushonwa.

Nilimfungia mizigo yake, nikamwomba radhi.

Alipokuja msichana mwingine, jioni ya kwanza nilimketisha jikoni. Tulipatana mshahara na siku zake za kupumzika. Kisha nikamuuliza, "Mbali na hayo, kuna jambo gani ungependa upate hapa?" Nilitegemea aseme cherehani, au simu. Alikaa kimya kwa muda mrefu akichezea kanga yake.

"Naomba mshahara wangu nipewe mimi mwenyewe mkononi," akasema, "asipewe mjomba."

Nilimpa neno langu, kisha nikachukua karatasi tukaliandika.